Mbaazi ukikosa maua husingizia jua: kwa nini faida ni akili yangu, na hasara ni ya dalali?

Fundi Mizani (mleta mada)

Salaam wanajamvi. Naomba tujadili jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili, na ninawaomba watakaochangia wanieleze sababu badala ya kunipa pole, kwa kuwa pole nimezipata za kutosha nyumbani.

Ninafanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, na huu ni mwaka wa tatu. Mwezi Januari nilifuata ishara, yaani ujumbe wa lini ununue na lini ufunge, za kundi moja la Telegram, nikanunua euro dhidi ya dola mara nne, na mara zote nne nikapata faida. Nilimwambia mke wangu kwamba hatimaye nimelielewa soko. Mwezi Machi nilifuata ishara za kundi lile lile, kwa saa zile zile za usiku, nikaunguza akaunti iliyokuwa na shilingi 1,840,000. Safari hii nilimwambia kwamba kundi limetupotosha na kwamba dalali alichelewesha oda yangu. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza swali moja tu: "Na zile za Januari, ziliamuliwa na nani?"

Kidole kilichobonyeza Januari ndicho kilichobonyeza Machi, na bado nilikuwa nimezigawa biashara hizo mafungu mawili, moja langu na jingine la watu. Kinachonitisha ni kwamba sikuwa nikimdanganya. Niliposema nimelielewa soko niliamini, na niliposema nimepotoshwa niliamini vilevile. Ni kitu gani ndani ya mtu kinachogawa matokeo namna hii bila mwenyewe kujua? Na je, mtu anaweza kujizoeza kuubeba uamuzi wake kabla matokeo hayajajulikana?

Mama Lulu

Umekataza pole, kwa hiyo ninakwenda moja kwa moja kwenye hoja.

Wahenga walikwisha kulisema: mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mtu akipata, huvuta sababu upande wake, na akikosa, huisukuma kwa mwingine, kwa sababu kila mmoja wetu anahitaji kujiona kuwa ni mtu mwenye uwezo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, pamoja na mwenzake, waliwataka wanafunzi wabashiri sarafu itaangukia upande gani, mara 30 mfululizo. Majibu yalikuwa yamepangwa kwa siri, ili jumla ya kupatia ilingane kwa wote, ila baadhi yao walipatia sana mwanzoni. Hao waliopatia mwanzoni ndio waliojiona kuwa wana kipaji cha kubashiri sarafu, ingawa kila mtu mwenye akili timamu anajua kwamba hakuna kipaji cha namna hiyo.

Biashara zako nne za Januari ndizo zile sarafu za mwanzo. Zilikujengea picha yako mwenyewe kama mtu anayejua, na Machi ilipokuja kuivunja picha hiyo, moyo ukaona ni nafuu kumvunja dalali.

Mtoto wa Forodhani

Naheshimu maelezo ya Mama Lulu, lakini naona tunamhukumu mleta mada kabla ya kumkagua dalali. Katika mikataba hii ya mtandaoni, madalali wengi husimama upande wa pili wa biashara ya mteja, na kwa hiyo anachopoteza mteja kinaweza kuwa mapato yao. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza fedha, ikaweka ukomo wa mkopo wa dalali kuwa mara 30 ya dhamana, yaani fedha anayoweka mteja mwenyewe, kwa jozi kuu za sarafu. Huku kwetu kijana anafungua akaunti ya mara 500 akiwa ndani ya daladala. Kwa uwiano huo, bei ikienda kinyume kwa asilimia 0.2 tu, dhamana ya biashara ile imekwisha.

Kuna siku pia ambapo hakuna tahadhari inayosaidia. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro, na katika dakika chache watu waliokuwa wameweka oda za kukata hasara, zile zinazofunga biashara zenyewe bei ikifika kiwango ulichoandika, walijikuta hazikuwafaa. Je, na hao tuwaambie wajitazame kwenye kioo? Mimi nadhani yapo maneno mengi kuhusu wajibu wa mtu binafsi ambayo yanawafaa zaidi wanaouza mchezo kuliko wanaoucheza.

Hesabu Kali

Ndugu yangu wa Forodhani, naomba kurekebisha mambo mawili ili tusiyajengee juu yake.

Kwanza, asilimia hizo zinahusu akaunti, wala hazihusu biashara moja moja. Mtu anaweza kupata faida katika biashara nyingi kati ya alizofanya na akaunti yake bado ikaishia katika hasara, kwa sababu zile chache alizokosea alizing'ang'ania hadi zikala zote. Hapo ndipo saikolojia inapoingia. Pili, siku ile ya faranga oda nyingi za kukata hasara zilitekelezwa, isipokuwa zilitekelezwa kwa bei ya mbali sana na ile iliyoandikwa, na wapo waliobaki wakidaiwa na madalali wao. Somo lake ni kwamba oda ya namna hiyo si dhamana ya bei, na maneno hayo huwa yameandikwa kwenye mkataba ambao wengi wetu huwa tunaupitisha bila kuusoma.

Mleta mada, uwiano wako wa mkopo ulikuwa ngapi, na nani aliuchagua?

Fundi Mizani

Ulikuwa 1 kwa 500, na niliuchagua mwenyewe. Fomu ilikuwa na chaguo sita. Nilichukua la juu kabisa kwa sababu mtu mmoja kwenye kundi aliandika kwamba wanaochagua uwiano mdogo hawajiamini. Ninaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkulima wa Babati

Habari za jioni. Nimevutwa na kichwa cha uzi, kwa sababu nalima mbaazi na kuzinunua kwa majirani tangu 2009, na ningependa kuutetea mmea huu kidogo.

Mbaazi zetu za muda mrefu zinahisi urefu wa mchana. Zinasubiri siku zifupike ndipo zitoe maua, na joto likizidi maua huchelewa. Ukichukua mbegu iliyozoea baridi ya mwinuko ukaipanda kwenye joto la bondeni, utaona majani mazuri sana na maua utayasubiri. Kwa hiyo mbaazi anaposingizia jua, pengine anasema kweli tupu.

Mimi nilikuwa na mbaazi wangu mwaka 2017. Ghalani nilikuwa na magunia 160, sehemu kubwa nimeyanunua kwa mkopo wa chama cha akiba, kwa kuwa misimu iliyotangulia ilikuwa imenipa faida na nilijiona mtu anayesoma soko. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya India, ambayo ndiye mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao. Wanunuzi walitoweka minadani. Niliuza kwa chini ya robo ya bei niliyonunulia, na magunia mengine yaliliwa na wadudu nikiyatazama.

Kwa karibu miaka minne, kila aliyeniuliza kuhusu deni lile nilimjibu kwa neno moja: India. Nilikuwa nasema kweli, na ndiyo maana neno lile lilinikaa sana. Kilichonifungua ni kijana wangu aliyeniuliza kama Wahindi ndio walioniambia niweke mkopo wote kwenye zao moja lenye mnunuzi mmoja. Nikaona kwamba kulikuwa na maamuzi mawili. La bei lilikuwa la New Delhi. La magunia 160 lilifanyika barazani kwangu, nikiwa nakunywa chai, na halikunichukua hata nusu saa.

Mama Lulu

Ndugu Mkulima, umeanza kwa kumtetea mbaazi na umemaliza kwa kumtia hatiani.

Mkulima wa Babati

Sijamtia hatiani, dada yangu. Ninasema jua lina makosa yake, na aliyechagua mbegu ana yake. Mimi nilitumia kosa la jua kufunika la mbegu.

Mtafiti Mstaafu

Nimesoma yote kwa makini, nami naomba kuweka ushahidi unaovuta pande mbili, kwa kuwa naona wengi mmekubaliana mapema kwamba kubeba wajibu ni dawa.

Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za dalali mmoja wa Marekani, kuanzia 1987 hadi 1993, akakuta kwamba wawekezaji walikuwa wepesi kuuza hisa zilizopanda na wazito kuuza zilizoshuka. Hisa zilizopanda walizoziuza ziliendelea, katika mwaka uliofuata, kufanya vizuri kuliko zile zilizoshuka walizozishikilia, kwa tofauti ya wastani wa asilimia 3.4. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameonyesha tangu 1979 kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kile kile inavyofurahisha, na wengi wakaridhika na maelezo hayo.

Hata hivyo, mwaka 2016 Tom Chang na wenzake wawili walionyesha jambo ambalo maelezo hayo hayalielezi. Watu wale wale wanaong'ang'ania hisa walizochagua wenyewe zinaposhuka, huwa wepesi kuuza vipande vya mifuko ya uwekezaji vinaposhuka. Hasara ni hasara, na fedha ni zao katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba kwenye mfuko yupo meneja wa kulaumiwa. Ukiuza mfuko, umemfukuza meneja mbaya. Ukiuza hisa uliyoichagua, umejitia sahihi kwamba ulikosea.

Sasa litazameni jambo hili kutoka upande wa mleta mada. Mwaka 1976 Barry Staw aliwapa wanafunzi 240 wa biashara zoezi la kugawa fedha za kampuni. Waliokuwa wamefanya uamuzi wa kwanza wao wenyewe, na kisha wakaambiwa kwamba umeleta hasara, waliongeza fedha nyingi zaidi kwenye mradi ule mbovu kuliko waliourithi uamuzi kutoka kwa mtu mwingine. Hisia ya kwamba "huu ni wangu" ndiyo iliyowazamisha. Kwa hiyo ninawaomba msiharakishe kumwambia Fundi Mizani abebe uamuzi wake, kwa maana yawezekana alishaubeba kupita kiasi usiku ule wa Machi, na ndiyo maana hakuifunga biashara ile mapema.

Fundi Mizani

Mtafiti, umenigusa pale hasa. Kundi lilituma ujumbe wa kufunga biashara saa nne usiku, nilipokuwa na hasara ya kama laki tatu. Sikufunga. Nilijiambia kwamba mimi nalijua soko kuliko wao. Nilisubiri hadi saa tisa alfajiri, na hadi hapo hakukuwa tena na cha kufunga. Sikuwa nimelieleza hilo kwenye chapisho la kwanza, na ninaapa kwamba nilikuwa nimelisahau hadi niliposoma maneno yako.

Hesabu Kali

Kumbe ishara ya kununua ilikuwa ya kundi, lakini uamuzi wa kubaki ulikuwa wako peke yako, na ndio uliochukua zaidi ya milioni moja na nusu. Ahsante kwa ukweli huo. Unaubadilisha uzi mzima.

Bibi Hazina

Wanangu, naona mnalitafuta jambo hili ndani ya kichwa cha mtu mmoja, wakati mimi naliona sebuleni.

Kikoba chetu hapa Temeke kina wanawake 24. Miaka michache iliyopita tulinunua hisa za kampuni moja kwa fedha za mfuko, na bei ikashuka. Tulipokutana kuulizana, hakuna aliyekumbuka kuwa alikubali. Kila mmoja alisema kwamba alinyamaza tu kwa heshima ya wenzake. Katibu akafungua daftari la mihutasari, na pale palikuwa na mikono 19 iliyonyooshwa, wangu ukiwamo. Mimi pia nilikuwa nimesema kwamba nilinyamaza. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na hilo Fundi Mizani amelieleza vizuri.

Ninavyoamini, lawama huzaliwa pale mtu anapotakiwa kueleza. Mchuma janga hula na wa kwao. Anayepoteza fedha yake peke yake anaweza kunyamaza, lakini aliyepoteza ada ya mtoto lazima afungue mdomo, na mdomo huo hautatamka neno litakalomwondolea mtu heshima mbele ya watoto wake. Mngewapa watu mahali pa kusema "nilikosea" bila kuvunjiwa utu, mngeona dalali anavyosahaulika. Wataalamu waliotajwa hapo juu waliwapima watu wa Marekani mmoja mmoja. Huku kwetu fedha ya mtu mmoja si ya mtu mmoja.

Fundi Mizani

Shikamoo bibi. Ndani ya zile fedha kulikuwa na ada ya muhula wa pili. Tumeshaipata kwa njia nyingine, lakini umesema kweli kuhusu mdomo.

Mwana wa Murang'a

Hamjambo, ndugu zetu. Nami ninaleta kisa cha jirani zenu wa Kenya, ambacho hakilingani na maelezo yoyote kati ya haya.

Mwaka 2008 serikali yetu iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalikuwa mengi kuliko hisa, na wananchi wa kawaida walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Mzee wangu aliomba kwa fedha za mkopo. Hisa zilianza kuuzwa sokoni mwezi Juni, zikapanda kwa muda mfupi, kisha zikashuka hadi chini ya bei ya kununulia. Mzee alivumilia hadi mwaka uliofuata, akauza kwa chini ya shilingi 3, akalipa sehemu ya deni. Mwaka 2021 hisa zile zile zilipita shilingi 40.

Mzee hajawahi kumlaumu mtu yeyote kwa kushuka kwa bei. Anajilaumu kwa kuuza, na amejilaumu kwa zaidi ya miaka 15. Nimemweleza mara nyingi kwamba deni lilikuwa na tarehe yake, na kwamba kwa alichokijua siku ile uamuzi wake ulikuwa wa busara, naye hunisikiliza kwa adabu kisha hurudia bei ya 2021. Mtafiti, ndugu Kahneman na Tversky walisema pia kwamba majuto ya kutenda huuma kuliko ya kutotenda, na ninadhani hapo ndipo mzee alipo. Wala wajibu aliouchukua haujamfunza lolote. Hakuwahi kununua hisa tena.

Kimya Kingi

Huwa nasoma tu, lakini chapisho la Murang'a limenitoa.

Mimi ni kama huyo mzee. Bei zilipoporomoka duniani mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nilipoteza karibu nusu ya nilichokuwa nacho, na niliamini kabisa kwamba nilipaswa kuona mapema. Nilisoma habari za Wuhan za Januari mara kwa mara usiku, nikitafuta mstari niliouruka. Kwa miezi 14 sikuweza kufanya uamuzi wowote wa fedha, hata kuuza kiwanja ambacho mnunuzi wake alikuwa akinipigia kila wiki.

Mama Lulu amemtaja Ellen Langer. Alifanya pia jaribio la bahati nasibu: watu waliochagua tiketi wenyewe walipoulizwa wangeziuza kwa kiasi gani, walitaja wastani wa dola 8.67, na waliopewa tiketi bila kuchagua walitaja dola 1.96, ilhali nafasi ya kushinda ilikuwa ile ile. Nilipolisoma hilo nilijiona. Kujilaumu kwangu kulikuwa ni kudai kwamba tiketi ile ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kuwa mkosaji kuliko kuwa mtu aliyepigwa na wimbi asilolitawala. Kwa hiyo, mleta mada anaposema anataka kujizoeza kubeba uamuzi wake, ninamwomba apime uzito kabla ya kuinua, kwa sababu mimi nilibeba na vya watu.

Mzee wa Mwembeni

Assalaam alaykum wanangu. Kuna mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akajibiwa: mfunge, kisha mtegemee. Nimewahi kufanya biashara ya majahazi, na nimewaona watu wa aina mbili wakipotea. Wa kwanza hawafungi, na ngamia akipotea husema ni kadari. Wa pili hufunga vizuri, na ngamia akifa kwa maradhi huendelea kuilaumu kamba. Huyu Kimya Kingi amekuwa akiilaumu kamba.

Kimya Kingi

Shikamoo mzee. Nimelipokea, na nitalisoma tena asubuhi.

Hesabu Kali

Swali la pili la mleta mada halijajibiwa: je, mtu anaweza kujizoeza? Itamar Simonson na huyo huyo Barry Staw walirudi kwenye tatizo hili mwaka 1992, wakakuta kwamba watu wakijua watapimwa kwa namna walivyofikia uamuzi, badala ya kupimwa kwa matokeo, hupunguza tabia ya kuongeza fedha kwenye mradi unaozama. Naona hapo wanakutana Mtafiti na Bibi Hazina. Swali la "umepata au umepoteza?" linamfanya mtu ajitetee. Swali la "uliamuaje?" linampa la kueleza bila kumvunja.

Mimi ninatumia daftari la karatasi. Kabla ya kubonyeza, ninaandika tarehe na saa, bei, sababu katika sentensi moja, kiasi ninachokubali kukipoteza, na jina la aliyenipa wazo. Jina hilo ndilo lililonisaidia kuliko vyote. Nikifuata ishara ya mtu, ninaandika kwamba nimeamua kumfuata, kwa kuwa kumfuata mtu nako ni kuamua. Faida ikija, jina lake liko pale, na siwezi kujipa sifa ambayo si yangu.

Mtoto wa Forodhani

Daftari ni jambo jema, na nitalianza. Lakini sijarudi nyuma kwenye hoja yangu. Mtu mwenye daftari safi na uwiano wa 1 kwa 500 bado ataunguza akaunti, tofauti ni kwamba ataweza kueleza. Nchini Kenya madalali wa mtandaoni wanatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, na kuna kanuni zao tangu 2017. Ningependa tuulize pia nani anabeba wajibu wa kumpa mgeni wa soko silaha kali namna ile siku ya kwanza. Mkulima alisema jua lina makosa yake, na tumelisahau haraka.

Mtafiti Mstaafu

Halijasahaulika. Ningeongeza tu angalizo kuhusu daftari: nimewahi kuweka la kwangu, na nilipolikagua niligundua kwamba sababu nyingi nilikuwa nimeziandika baada ya kununua, kwa wino mzuri zaidi. Kalamu nayo huvutia ngozi kwake. Ndiyo maana naona ni bora likaguliwe na mtu mwingine, kama mihutasari ya kikoba cha Bibi Hazina.

Fundi Mizani

Ahsanteni nyote. Nimechukua ushauri wa Hesabu Kali na angalizo la Mtafiti kwa pamoja: nimenunua daftari, na anayelishika ni mke wangu. Jana usiku alinitaka nianze kwa kujaza biashara za nyuma kwa kadiri ninavyokumbuka. Ile ya Machi tumeigawa mistari miwili, kama Mkulima alivyogawa yake. Kuingia: nilifuata kundi. Kubaki baada ya saa nne usiku: mimi.

Tuliposhika za Januari tulikwama. Biashara tatu nilifunga pale kundi liliposema nifunge. Ya nne niliifunga mapema kwa woga, nikapata shilingi 38,000, na bei ilipanda zaidi baada ya pale. Mke wangu anasema safu ya aliyeamua iandikwe jina langu, kwa kuwa nilifunga mwenyewe. Mimi naona kwamba woga hauamui. Safu hiyo bado iko wazi, na kalamu anayo yeye.

Mkulima wa Babati

Mwambie shemeji aandike jina lako. Mimi nilinunua magunia kwa tamaa, na jina nililoandika kwenye mkopo halikuwa Tamaa.

Mama Lulu

Sikubaliani na Mkulima hapo, na nitaeleza kwa nini nikishatoka kazini, kwa sababu woga na tamaa si mizani moja.